Zipu ya Upande wa Kulia

Wanawake wengine huwagundua waume zao kwa harufu ya manukato, wengine kwa ujumbe wa simu uliosahaulika kufutwa. Fundi alimgundua wake kwa zipu. Tena si zipu ya kweli, zipu ya kwenye hadithi, kwenye gauni la binti ambaye hajawahi kuzaliwa. Haya, cheka. Wifi yake naye alicheka mwanzoni.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi kwenye cherehani ileile, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, akiwashonea wanawake magauni yanayowakaa. Mumewe walimwita Bwana Zamani. Alikuwa karani wa ofisi ya ardhi, akastaafu miaka tisa iliyopita, na tangu hapo kazi yake ikawa kuandika riwaya za mapenzi ya kale: mabinti wa miaka mia na ishirini iliyopita, barua zinazochelewa, wanaume wanaorudi kutoka vitani na ndevu hadi kifuani. Aliandika kwa penseli kwenye madaftari, ndani ya kichumba chake kilichopakana na chumba cha kupimia nguo. Mchana wateja wakipungua, Fundi alikuwa akisogeza vitambaa, anaweka kompyuta yao ya kizee juu ya meza ya kukatia, anamchapia mswada.

Kazi hiyo aliipenda, kusema ukweli. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza. Alijua siri za vitabu kabla ya mhariri, na alijua pia jinsi mumewe anavyofanya kazi, maana Bwana Zamani alikuwa na sheria zake na hakuacha kuzitangaza.

"Mwaka nautoa maktaba," alikuwa akisema, penseli sikioni. "Bei ya mkate naitoa kwenye magazeti ya zamani. Lakini mwili sibuni, mke wangu. Namna mtu anavyokohoa, anavyovaa, anavyosema akiwa ameumia, hayo nayatoa kwa watu walio hai. Historia inanipa mifupa tu. Nyama natafuta mwenyewe."

Fundi alikuwa akicheka. Siku ile ya zipu hakucheka tena.

Kitabu kilikuwa cha nne, na kilihusu binti wa mpiga chapa aliyempenda mpima ardhi. Mpaka sura ya tatu Fundi alikuwa ameshampenda huyo binti kama mdogo wake wa tumbo moja. Kulikuwa na mahali ambapo binti anamlalamikia shangazi yake, anasema: *Hunitazama kama saa ya ukutani. Hutazama, akapata alichokitaka, akaendelea na safari yake.* Fundi alipoyachapa hayo alilia mpaka akafuta machozi kwa kipande cha bitana. Jioni akamwambia mumewe, "Pale kwenye saa umepatia, baba. Umeniua kabisa."

"Ahsante," alisema Bwana Zamani, akaendelea kula bila kuinua macho.

Sura ya saba ndiyo iliyoleta balaa. Binti anajiandaa kwenda kumlaki mpima ardhi kituo cha treni. Anavaa gauni la kijivu. Anafunga zipu ya ubavuni, upande wa kulia. Zipu inakwama pale kiunoni. Binti anavuta pumzi, anahesabu mpaka tatu, ndipo inapita.

Vidole vya Fundi vilisimama juu ya vitufe.

Kosa la kwanza hata mtoto angeliona: enzi hizo hakuna gauni lililokuwa na zipu. Mtu anayehakiki bei ya mkate ameachia zipu ipite! Lakini hilo halikumshtua. Kilichomshtua ni upande. Zipu ya ubavuni ya gauni la kike hukaa kushoto, ili mkono wa kulia uifikie. Katika miaka yote ishirini na miwili Fundi alikuwa ameweka zipu kulia mara moja tu, kwenye gauni moja tu, kwa sababu mwenye gauni hutumia mkono wa kushoto. Lilikuwa gauni la kijivu. Na pale kiunoni, kitambaa kilipokutana na mkanda kikawa kizito, zipu ilikuwa inakwama. Mwenye gauni alilirudisha mara mbili, akasema kwa mdomo wake, "Navuta pumzi, Fundi, nahesabu mpaka tatu, ndipo inapita."

Mwenye gauni alikuwa Nesi wa zahanati ya jirani, mtaani wakimwita Mashoto. Mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, anaishi peke yake, anacheka kwa sauti, na ana kiuno ambacho Fundi mwenyewe, kwa utepe wake mwenyewe, alikuwa amekipima na kukisifu.

Sasa wewe niambie. Mwanamume anajuaje mahali zipu ya mwanamke inapokwama?

Fundi alimpigia wifi yake, dada yake Bwana Zamani, aliyeshibana naye tangu siku ya harusi. Wifi akacheka mpaka akakohoa.

"Wifi, kaka yangu huyu? Huyu anayevaa soksi mbili tofauti? Nani atamtaka?"

"Anayemtaka namjua. Nimemshonea."

"Basi muulize."

"Nimuulize ili anidanganye? Mtu ambaye kazi yake ni kutunga?"

Wifi akaacha kucheka.

Basi Fundi akaamua kumtega kwa njia aliyoijua yeye. Alipochapa ukurasa ule alibadilisha neno moja. Badala ya kulia akaweka kushoto, kama gauni la kawaida. Akamkabidhi. Kesho yake karatasi zikarudi. Kurasa kumi na mbili, na kosa moja tu lililosahihishwa: *kushoto* limekatwa kwa penseli, juu yake pameandikwa *kulia*, na mstari chini yake.

Damu ilimchemka. Lakini alijikaza, akamfuata hadi kwenye mlango wa kichumba, uliokuwa wazi kidogo tu.

"Baba, zama hizo zipu zilikuwepo?"

Bwana Zamani aligeuka haraka, akafunika daftari lake kwa kiwiko. "Lo! Zipu? Niliandika zipu?" Akajipiga paji la uso. "Kweli, niliteleza. Weka kulabu."

"Kulabu hazikwami zikahesabiwa mpaka tatu. Kulabu unaingiza tu, basi."

"Acha ikwame," alisema. "Pale pana uhai."

Pana uhai! Fundi alirudi kwenye cherehani. Miaka ishirini na sita ya ndoa, watoto wawili waliokwisha kuolewa na kuoa, na jambo moja tu alilotaka kulijua: huyu mume ni wangu au si wangu? Mengine yote, vitabu, tuzo ile ndogo aliyopewa kwa kitabu cha tatu, sifa za mhariri, aliona ni makaratasi matupu.

Jumanne Nesi alikuja kupimiwa sare mpya. Fundi alimwingiza kwenye chumba cha kupimia, kijichumba chenye pazia upande mmoja, kioo upande wa pili, na ukuta wa plaiwudi uliokitenganisha na kwa Bwana Zamani. Akaanza kuweka pini. Pini ya kwanza ilikwenda mahali pake. Ya pili ilikwenda kwenye nyama.

"Aa! Fundi, taratibu!"

"Samahani, mwaya. Macho siku hizi." Akachukua pini nyingine. "Lile gauni lako la kijivu vipi? Nani anakufungia zipu siku hizi?"

"Nani tena, mlango?" Nesi akacheka. "Nimelitundika kabatini. Sina pa kulivaa. Mtu niliyekuwa nalivaa kwa ajili yake amehamishiwa mbali, na barua haandiki, simu anapokea akitaka." Kisha akasema polepole, si kwa kicheko tena, "Unajua, Fundi, simu yake ikiita naipokea nikiwa nimesimama. Sijui kwa nini. Kama vile nikikaa ataona nimechoka kumsubiri."

Fundi hakumsikia vizuri. Alikuwa anamtazama kiuno.

Jumatano karatasi mpya zikaletwa mezani. Sura ya nane. Binti wa mpiga chapa anapokea barua ya mpima ardhi. *Barua zake alizisoma akiwa amesimama, kana kwamba akiketi ataonekana amechoka kumngoja.*

Jana Jumanne, leo Jumatano! Maneno hayajapoa! Fundi aliona giza. Maana yake wameonana jana hiyohiyo. Ametoka kwangu na pini zangu mwilini akaenda kumwambia mume wangu maneno yaleyale, na mimi nimekaa hapa nashona sare. Alilia kwa hasira, akachapa sura nzima akilia, kisha akapiga moyo konde.

Alhamisi Bwana Zamani alikwenda maktaba kama kawaida yake. Mlango ulipofungwa tu, Fundi aliingia kichumbani kutafuta barua, picha, leso, chochote. Alishajiandaa. Moyoni alikuwa amepanga hata maneno atakayosema, na masanduku yapi yatakuwa ya nani.

Hakukuta leso. Alikuta meza.

Meza ya mumewe ilikuwa chini ya dirisha alipoingia humo mara ya mwisho kufagia. Tangu astaafu alikuwa akifagia mwenyewe, na Fundi alimshukuru kwa hilo. Sasa ilikuwa imesukumwa hadi kwenye plaiwudi, ikaubana kabisa. Kiti kilikuwa na mto, nacho kilitazama ukuta. Mahali kichwa cha mtu aliyeketi hufika, rangi ya plaiwudi ilikuwa imechakaa na kung'aa kwa mafuta ya nywele.

Fundi aliketi. Akaweka sikio pale penye kung'aa. Upande wa pili, ndani ya chumba chake cha kupimia, aliisikia saa yake ndogo ya mezani ikigonga wazi, utadhani ameishika mkononi.

Chini ya meza palikuwa na boksi. Ndani yake madaftari thelathini na moja, si ya riwaya, mengine kabisa. Alifungua la juu. *Jumanne, saa nne asubuhi. Mashoto. "Simu yake ikiita naipokea nikiwa nimesimama."* Akarudi nyuma kurasa. *Mashoto. Gauni la kijivu, zipu kulia. Inakwama kiunoni. Anavuta pumzi, anahesabu tatu.*

"Mungu wangu," alisema Fundi kwa sauti. "Hana mtu! Mume wangu hana mtu!"

Akacheka. Alicheka peke yake humo ndani, machozi yakimtoka kwa raha, akimpiga yule mto wa kiti kwa kiganja. Mzee wa watu hana hawara, hana nyumba ndogo, ana sikio tu! Alitaka kumpigia wifi wakati uleule. Kisha akafungua daftari jingine, na jingine, na kicheko kikaanza kupungua. Mke wa mwalimu mkuu alikuwemo, na mambo ya mimba iliyotoka ambayo hakumwambia hata mama yake. Bibi wa duka la vitabu alikuwemo. Binti aliyekuja kupimiwa gauni la harusi huku akilia, naye alikuwemo, na hata mafua yake yalikuwa yameandikwa. Wanawake hawa walivua nguo mbele yake kwa sababu walimwamini, na maneno wakayavua vilevile.

Ndipo akaliona daftari lenye vumbi, la miaka saba iliyopita. Jina lililoandikwa humo halikuwa la mteja.

*Fundi, kwa dada yangu. "Tangu mama amefariki hajaniuliza hata siku moja nimelalaje. Ananitazama kama saa ya ukutani, wifi. Anatazama, anapata anachotaka, anaenda zake."*

Pembeni, kwa penseli ileile, mwandiko mzuri wa karani: *Nzuri sana. Ya kutumia.*

Fundi alisoma mara moja tu. Alikumbuka sasa. Alikumbuka hata kitambaa alichokuwa nacho mkononi siku ile, na wifi akimpapasa mgongo. Yalikuwa maneno yake. Alimlilia binti wa mpiga chapa, kumbe alikuwa anajililia mwenyewe. Hakukitambua kitambaa chake kwa sababu kilikuwa kimetiwa rangi ya zamani.

Lililomuuma si kuandikwa. Lililomuuma ni kwamba alisikika. Miaka saba alijifariji kwamba mume wangu hajui, wanaume ni hivyo, angelijua angekuja. Kumbe alijua. Alikuwa nusu ya hatua kutoka kwake, upande wa pili wa ubao usiozidi unene wa kidole, akasikia mkewe analia, akachonga penseli.

Alilibeba boksi lote, akalifunika kwa kitambaa chini ya meza ya kukatia. Bwana Zamani aliporudi hakumwambia kitu. Alimpa chakula, akamuuliza habari za maktaba, akajibiwa kuhusu bei ya mafuta ya taa ya miaka mia na ishirini iliyopita.

Ijumaa asubuhi, saa tatu na nusu, alimsikia mumewe akiingia kichumbani na kuvuta kiti. Hakuwa ameangalia chini ya meza bado. Fundi aliingia kwenye chumba cha kupimia peke yake, akafunga pazia, akaketi kwenye kigoda akiukabili ule ukuta.

"Baba," alisema. "Najua upo hapo."

Kiti kikalia kidogo upande wa pili.

"Nimeyasoma madaftari. Sikuja kugomba. Nilidhani una mwanamke, nikakuchukia siku nane nzima, na nikakuta huna, nikafurahi kama mwehu. Kisha nikajikuta humo." "Mama yangu alipofariki nilikuwa nikilala nimegeukia ukutani ili usiamke. Nilikuwa nakusubiri uniulize. Neno moja tu, baba, *umelalaje*. Nilisema wewe ni mtu wa vitabu, huoni. Kumbe ulisikia. Sasa nataka nijue. Uliposikia, uliona nini? Uliona mkeo, au uliona sura ya tatu?"

Kutoka upande wa pili ilitoka sauti ndogo, kavu, ya haraka. Fundi aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya penseli.

"Ninachokwambia sasa," aliendelea, na sauti yake ikaanza kukatika, "siliambii daftari. Bado nipo, unasikia? Sijaenda popote. Ukitoka humo ukaja hapa, ukakaa, ukaniambia lolote lile la kwako, hata la kijinga, nitakusikiliza. Lakini uje mwenyewe."

Penseli ilisimama.

Kiti kikasogea. Fundi alisikia ndala zikitoka kichumbani, zikizunguka ukumbini, hatua moja, mbili, tatu, nne. Moyo ulimdunda kama wa msichana. Alijifuta uso kwa utepe wa kupimia, maana ndio uliokuwa shingoni. Pazia likafunguliwa.

Bwana Zamani alikuwa amesimama pale, macho yamemwiva, midomo inamcheza. Alikuwa amelia, hilo Fundi aliliona na asingemdhulumu. Alikuwa anampenda, labda. Alifungua mdomo.

"Mke wangu," alisema. "Pale... pale uliposema ulikuwa unalala umegeukia ukutani. Rudia kidogo. Ulisema ili nisiamke, au ili nisione?"

Penseli ilikuwa mkononi, ncha chini, tayari.

Na yeye mwenyewe akaiona. Akaitazama kama vile kuna mtu mwingine aliyempachika. Lakini hakuiachia.

Fundi alisimama, akamtoa penseli vidoleni taratibu, kama unavyomtoa mtoto kisu, akaichomeka kwenye mto wa pini. Akamkalisha kwenye kigoda.

"Haya," alisema. "Sasa nijibu."

Bwana Zamani alitazama mikono yake mitupu. Akakohoa. Akaanza, "Mimi...", akaishia hapo. Akaanza tena, akaishia palepale. Fundi alimsubiri. Alimsubiri kwa uaminifu wote aliobaki nao, dakika nzima ya saa yake ndogo, na mtu mwenye madaftari thelathini na moja ya maneno ya wanawake hakuwa na la kwake hata moja la kumpa.

Basi akajua. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kumchukua huyu mume, na yeye pia hajawahi kuwa naye.

"Hodi, Fundi!" Ilikuwa sauti ya Nesi mlangoni, amekuja kuchukua sare.

"Karibu," aliitikia Fundi. Alitoka, akaliacha pazia wazi nyuma yake, mumewe akiwa ameketi pale kwenye kigoda cha wateja, anaonekana na kila mtu. Alilivuta boksi kutoka chini ya meza ya kukatia, akaliweka juu, akatoa daftari la juu kabisa. Sauti yake hakuishusha hata kidogo.

"Kaa kwanza, mdogo wangu," alimwambia Nesi. "Leo hatupimi. Kuna maneno yako humu, na nataka uyachukue kwanza."

Nesi alimtazama yeye, akamtazama na yule mzee kule ndani. Kisha akaweka mkoba chini, akanyoosha mkono wake wa kushoto.